Mbuzi Arobaini

Kontena la Bi Rayya liliteremshwa Sohar Jumapili,
mwezi wa saba, joto arobaini na sita,
nami wakala wake nikajisifu mbele ya kompyuta:
siku hizi, mama, forodha ni dakika.
Baba yangu alibeba mafaili kwapani,
mihuri saba, madirisha saba,
"rudi kesho" mpaka kesho ikaota ndevu.

Nikanakili orodha kama ilivyotoka Wete:
mikeka sitini.
Vinu kumi na viwili, na michi yake.
Vifumbu. Pawa za vifuu.
Mbuzi arobaini.

Mwenye Kiswahili angengoja kidogo
asikie kama ni *wa* au ni *ya*.
Mfumo haukungoja. Ukafasiri wenyewe:
wanyama hai, vichwa arobaini, cheti cha mifugo hakuna.
Njia nyekundu.

Nikapiga simu. Mashine ikanishukuru kwa subira
ambayo sikuwa nayo.
Nikatuma maelezo, yakapewa namba.
Namba ikapewa namba.
Mbele yetu zilikuwepo friji za mtu wa Buraimi
zilizongoja ukaguzi tangu Alhamisi,
na dereva wake kalala chini ya trela
kama mtu aliyehamia.

Lakini kule mifugo Dakta Buthayna
alisoma skrini ile ile, akasikia wanalia.
Ndani ya bati! Siku ya tisa, bila maji!
Akatoka mbio na mabuti yake,
nyuma vijana wawili na pipa, na mafungu ya majani;
akamwamsha mkaguzi, akamwamsha mwenye koleo,
na hapana dirisha lililothubutu kumwambia kesho.
Dakika kumi na moja. Nilihesabu.

Lakiri ikakatwa.
Harufu ya ukili ikatupiga usoni.
Na mbuzi zile pale, safu kwa safu, miguu imekunjwa,
ulimi wa chuma nje, meno wazi,
hakuna hata moja inayolia.

Mkaguzi, ambaye bibi yake alizaliwa Chake Chake,
akaitwaa moja, akaikunjua, akaikalia juu ya saruji,
akakuna hewa.
Daktari alicheka mpaka akanywa maji ya mbuzi.

Bi Rayya kapata mzigo wake kabla ya adhuhuri.
Mtu wa friji bado yupo.

Jina la kuandika sasa nalijua:
kifaa cha mbao, cha kukunia nazi, hakina uhai.
Kontena la pili linaingia mwezi ujao.
Fomu iko wazi mbele yangu tangu asubuhi,
na kidole changu hakijaamua.