Tarehe Tatu Februari

Kwenye kompyuta yangu ilikuwa tarehe tatu Februari,
kila siku tarehe tatu Februari,
hata Agosti, Huddersfield ikiwa imevua koti
na chumba changu, juu ya duka la mashine za kufulia,
kikinuka sabuni na jasho la wageni.

Programu ile ya kuandikia programu
walinionjesha siku thelathini.
Ya thelathini na moja ikakunja mikono, ikadai
pauni mia sita na arobaini kwa mwaka.
Kodi yangu ya mwezi ilikuwa mia nne.
Nikapiga hesabu mara mbili, kana kwamba
kwa haya tu, jumla ingepungua.

Basi nikairudisha saa nyuma.
Mwizi wa siku, mimi, binti wa mwalimu Shekue:
kila asubuhi, kabla ya chai,
nililivuta jua kwa kidole kimoja.

Mafaili yangu yote yakazaliwa siku moja, mapacha mia tatu.
Hata barua niliyomwandikia kaka
siku walipomzika mama kule Lushoto, nami siko,
imegongwa muhuri: tatu Februari,
siku ambayo mama alikuwa hai, anapepeta mchele.
Hiyo sikuirekebisha.

Bronagh, fundi wa printa pale chuoni,
aliiona saa yangu, hakucheka.
Akasema zipo za bure.
Nikamwambia, kwetu rahisi ni ghali.
Akaniomba nimfafanulie, nikakwama:
rahisi ya bei, au rahisi ya kazi?

Ya kazi haikuwa.
Usiku wa kwanza ilinitukana mistari arobaini
kwa kosa la nukta.
Kidirisha cheusi, kishale kinapepesa
kama karani anayengoja useme shida yako.
Maelekezo nusu; nusu nyingine ahadi.

Ila ilikuwa wazi hadi utumboni, nikaingia.
Ndani kabisa nikakuta mtu, sijui wa wapi, ameacha neno:
“Sielewi kwa nini hapa panafanya kazi. Tafadhali msiguse.”
Nikakaa nikilitazama.
Ile ya mia sita na arobaini
haikuwahi kunikiria kwamba haielewi.

Saa tisa usiku, mashine za chini zimenyamaza,
nikaipeleka saa mbele.
Miezi ishirini ikapita kwa mbofyo mmoja.
Oktoba. Mvua. Mama amekufa.

Nikasogeza kiti,
nikagusa pale paliposemwa pasiguswe.