Safu ya Saba

Kila tarehe ishirini na nane
nnafungua rejesta kubwa, ile ya gamba la kijani,
nnalaza rula chini ya mstari
nnawahesabu wagonjwa wa Kengeja
kama mtu anayepima pishi za karafuu:
hii imejaa, hii pungufu, hii ina makonyo.

Safu ya kwanza jina. Ya pili shehia.
Ya saba presha.

Miezi mitano safu ya saba ilipendeza mno.
Bikombo, mia na ishirini kwa thamanini.
Mzee Faki, miguu imemvimba hata viatu havimwingii,
mia na ishirini kwa thamanini.
Mashine imo kabatini, mkanda umepasuka,
imelalia boksi la glavu
kama kuku aliyeatamia mayai yasiyo yake.
Sikudanganya, nikijiambia. Nilijaza tu.
Kisanduku kitupu huitwa uzembe;
kilichojaa hakiulizwi kimejazwa nini.

Wakaja wa wilayani na jadweli yao.
Asilimia tisini na sita! Rangi ya kijani!
Wakatupiga picha mlangoni.
Mimi mbele, koti limepigwa pasi.

Bikombo aliletwa Jumanne, kwa bodaboda,
kakaa katikati, mwanawe nyuma kamkumbatia asianguke.
Mdomo umekwenda upande,
mkono wa kulia hautaki tena kushika shungi.
Mwanawe akaniuliza, wala hakuwa na hasira
(angekuwa nayo ningejua la kujibu):
"Mwezi uliopita mlimwambia mzima.
Presha yake ilikuwa ngapi?"
Nikafungua rejesta, nikamsomea.
Akaomba kalamu yangu
akaiandika kiganjani.

Siku hizi nnaandika: haikupimwa.
Haikupimwa. Haikupimwa.
Ukurasa mzima, kwa mwandiko wangu mwenyewe.
Na ninalolijua nnaliandika pambizoni,
hata kama halina safu:
huyu katoka Chambani kwa miguu, dawa hakuikuta;
huyu kakaa tangu saa moja, kaonwa saa sita,
kaonwa kwa dakika tatu;
mwezi huu wamekuja wachache, msiandike wamepona,
wako juu ya mikarafuu, na homa zao.

Jana kanipigia Bwana Shaali wa takwimu.
"Mmeshuka hadi thalathini na nne. Mko nyekundu.
Kumeingia nini huko Kengeja?"
Nikamwambia hakujaingia kitu.
Kengeja ni ile ile.

Akanyamaza. Nikasikia karatasi zikipekuliwa,
moja, nyengine, nyengine tena,
kama anayetafuta mahali alipopotezea fedha.
Kisha, kwa sauti ya chini:
"Huo mkanda uliopasuka,
upana wake sentimita ngapi?"

Nikamwambia asikate simu.
Nikachukua rula
nikaenda kabatini.