Arobaini

Ghorofa ya tatu, Ntinda, juu ya duka la matairi,
saa kumi na mbili alfajiri tumejipanga mbele ya kioo:
makarani wa benki, wanafunzi wa Kyambogo,
na kijana mmoja anayeipiga picha misuli yake
kabla haijatoka jasho.
Odongkara, mwalimu wetu, hataki visingizio.
Ameandika ukutani kwa rangi nyekundu: TUMBO NI DENI.
Nami nimelipa. Miezi mitano, kilo tisa.
Matoke nimeyaaga, mkate nimeukana,
roleksi ya pale kona naipita nimeziba pua
kama mtu avukaye mtaro.

Jumapili mama akaja kutoka Kyotera
na mkungu, na kuku aliyefungwa miguu.
Nilimfungulia nimevaa suruali mpya ya kubana,
nikajigeuza mbele yake mara moja, nisifiwe.
Hakusema kitu.
Alinishika kifundo cha mkono, akakizungushia vidole,
gumba likaipita shahada, likaendelea.
"Unakohoa?"
"Mama, ni jimu."
"Usiku unatoka jasho?"
"Natoka jasho asubuhi, na ninalilipia."
Nilicheka peke yangu.

Baadaye, akimenya matoke, mgongo kanipa,
akasema neno hilo mnalolitamani, silimu,
kwetu lilikuwa ugonjwa.
Hatukulitaja mbele ya watoto.
Watu walipungua kama sabuni ya karoni,
leo kipande, kesho povu.
"Mama yako mdogo Nalwoga nilimbeba mgongoni
toka barabarani hadi zahanati, kilima chote kile.
Sikupumzika hata mara moja.
Nilitamani anichoshe."
Kisu kikaendelea na ganda lake.

Nilikula sahani mbili, na mchuzi wa karanga.
Yeye alinitazama kinywa, si macho.

Jumatatu nilirudi, sitadanganya.
Kioo kilekile, kijana yuleyule na simu yake.
Odongkara alikuwa amepakia chuma: arobaini.
Nikainama, nikakamata, nikainuka nacho,
na hapo juu, pumzi imenibana,
nikajikuta napiga hesabu nisiyoitaka.
"Kitupe tu!" akafoka. "Chini kuna mpira!"
Nikakishusha polepole, magoti yakitetemeka,
polepole mno,
kama anayemlaza mtu asiyetaka kumwamsha.

Kijana wa picha akauliza kama nimeumia mgongo.
Nikamwambia, bado.