Barua ya Tatu kwa Mkadiriaji

Bwana Hathersage,
nimepokea karatasi yako, aya mbili tu,
na katikati yake maneno yaliyokolezwa wino:
hasara kamili.

Niliyasoma jikoni, kisha nikatoka
kumtazama marehemu.
Gari lilikuwa mvuani, chini ya ukuta wa mawe.
Nikatia ufunguo. Likawaka mara ya kwanza.

Mimi ni fundi wa piano, mwaka wa thelathini na moja huu,
makanisa, shule, sebule za wajane
hapa Blaenau na ng'ambo ya mlima.
Masikio yangu nayajua kuliko sura yangu.
Injini inatoa sauti yake ileile,
chini kidogo ya so,
kama Jumanne ile kabla ya kondoo.

Kondoo, ndiyo. Dume, na pembe zake zote mbili,
alichomoka kwenye ukungu barabara ya Trawsfynydd
bila kutazama kulia wala kushoto.
Methali yasema kufa kikondoo ndiko kufa kiungwana;
huyu haikumfikia.
Aliinuka, akajikung'uta, akakojoa, akaenda zake.
Aliyetakiwa afe kikondoo ni gari,
na mimi pia, nadhani:
kimya, na sahihi pale penye alama ya msalaba.

Sisaini.

Hukuja, Bwana Hathersage. Niwie radhi nikilirudia hilo.
Ulitumiwa picha saba, moja ina kidole changu,
nawe ukiwa Croydon ukaona kifo.
Idwal aliingia uvunguni na tochi mdomoni,
akatoka mgongo umelowa chepechepe, akasema
chesesi imenyooka kama rula.
Boneti, taa ya kushoto, rejeta, bampa.
Boneti iko Llanrwst kwenye uwanja wa skrepa.
Ni ya fedha, na gari ni la kijani, lakini ipo.
Pauni elfu moja mia moja na arobaini,
na chai juu yangu.

Wewe umeandika elfu mbili mia tisa,
kila spea mpya ndani ya boksi lake,
na rangi ya mlango ambao kondoo hakuugusa.
Thamani ya gari ukaandika elfu moja mia sita.
Mkono mmoja unapandisha gharama,
mwingine unashusha bei,
vikipishana njiani unaita hesabu.
Naambatanisha matangazo matatu ya magari ya mwaka uleule.
La bei ya chini kabisa ni elfu mbili mia sita,
na hilo halina kioo cha pembeni.

Msimu uliopita dari lilimwangukia Angharad Wynne,
yaani liliiangukia piano yake. Nyuzi kumi na nne zilikatika.
Mwanawe alikuwa ameshaita lori.
Nilimwambia asubiri, nikakaa pale siku nne,
nikila biskuti zake zilizolainika.
Sikuahidi kwamba itakuwa mpya.
Niliahidi itakuwa yake.

Ijumaa alinipigia msichana wenu mwenye mafua.
Elfu mbili na mia moja, alisema, na gari ubaki nalo,
ila tutaliandikia herufi daftarini, haifutiki.
Nikamuuliza herufi gani. Akapiga chafya.
Mpe pole.

Pesa nitapokea; Idwal naye ana watoto.
Herufi siikubali.
Njoo ulione. Nitakuendesha hadi Bala na kurudi,
redio nimezima, dirisha wazi,
na ukisikia kitu chochote kinachogonga
zaidi ya kisanduku changu cha nyundo,
nitasaini hapohapo, juu ya boneti ya fedha.

Wako,
Eluned Gittins

Nyongeza: dume nilimwona Jumapili karibu na geti.
Anachechemea kidogo.
Hakuna aliyemwandikia barua.