Koleo Langu Lilinitangulia

Kwa miezi minne koleo langu lilikuwa raia mwema
kuliko mimi.

Kila Jumamosi ya kwanza, umande haujakauka,
Apondi wa mandazi alibisha, Nyalenda nzima ikisikia:
"Baba Awino, tunaazima!"
Nami kwa upenyo wa mlango, shuka begani,
nikalitoa kama mtu atoaye sadaka,
nikarudi kulala upande wa pili wa mto.

Saa sita lilirejea, limeegeshwa ukutani,
limeoshwa, mpini ungali na joto la viganja.
Sikuuliza viganja vya nani.
Nilijiambia: nimechanga.
Nilijiambia: kaunti ina watu wake wa mitaro,
na kodi nalipa, na mgongo huu si wa juzi.

Lilijua mambo, koleo lile.
Lilijua kwamba Musundi, fundi wa baiskeli,
hupiga mluzi akianza kuchoka;
kwamba Mama Khayanga huwatukana watupa nepi
kwa majina yao yote matatu, la ubatizo likija mwisho;
kwamba chini ya tope la mtaro wetu mna
kiatu cha shule cha mguu wa kushoto,
redio, nusu ya godoro,
kichwa cha mwanasesere, bado kinatabasamu,
na chupa, na chupa, na chupa.
Mimi nilijua bei yake tu:
mia sita na hamsini, pale Kibuye.

Ikaja mvua ya Aprili.
Ilitokea milima ya Nandi, ikateremka bila hodi.
Usiku wa manane nilishusha mguu kitandani
nikakanyaga ziwa.
Sufuria zinatembeleana. Unga umelewa.
Awino juu ya meza,
daftari la hesabu kalishikilia kichwani
kama mama wa sokoni na beseni lake.

Na kabla sijapata sauti ya kuita,
mwanga wa simu mlangoni,
kisha jozi tatu za gambuti.
Hawakusema, "Tulikwambia."
Hawakuwa wameniambia kitu, kwa kweli;
walikuwa wameniazima koleo.
Apondi akambeba mtoto. Musundi akapiga mluzi.
Mama Khayanga akauliza neno moja:
"Liko wapi?"

Nikalishika.
Mpini ulikuwa umelika mahali pa vidole,
na vidole vile havikuwa vyangu.

Basi nyinyi wa plot za nyuma,
na nyinyi wa ghorofa mpya yenye geti la bluu,
mnaosikia majembe alfajiri mkavuta shuka,
mimi sina hotuba.
Posho hakuna. Fulana hakuna, wala mpiga picha.
Chai ipo, ya rangi;
sukari itategemea.
Utanuka mpaka jioni, na mkeo atasema.
Methali ya kidole na chawa mliimbishwa darasa la pili:
chawa wetu ana urefu wa mita mia tatu
na kichwa chake kiko mto Auji.

Huna nguvu? Ogada ana goti bovu;
yeye huketi kwenye kreti na kuhesabu magunia,
na hukosea, kila mara hukosea,
tunatafuta mtu wa kumsahihisha.
Huna muda? Nami sikuwa nao.
Niliupata siku ile ndani ya godoro langu,
nilipolikamua.

Sisemi mtaro ukizibuliwa mvua itatuogopa.
Mwezi wa tano ilirudi,
ikafika kizingitini kwa Mama Khayanga,
ikasimama hapo kidogo, kama mgeni asiye na hakika ya nyumba,
ikapita.
Tulikaa macho tukiisikiliza ikipita.
Hakuna aliyesema kitu. Musundi hata mluzi hakupiga.

Jumamosi ijayo, saa moja kamili,
nitakuja kwako. Nitabisha.
Usinipitishie koleo mlangoni.
Toka nalo.