Sampuli ya Saa Tisa

Punta Arenas. Upepo unagombana na mabati ya maabara.
Mimi sikumwona Eleuterio Mancilla;
nimeona damu yake tu, mililita tatu,
kizibo cha kijani, jina limeandikwa upesi.

Mkata manyoya ya kondoo, miaka sitini na mbili.
"Nimevimbiwa," alimwambia nesi. "Nyama ya jana."
Kipimo cha umeme nacho kikamtetea:
mistari imelala sawa, kama nyasi zilizokwisha kulishwa.

Troponini ya kwanza: kumi na tisa.
Namba ya kizingitini, si ndani si nje.
Haikupi ruhusa ya kulia
wala ya kumrudishia mtu viatu vyake.

Tukangoja. Moyo ni hodari wa kuficha,
ila msuli unapokufa haujui kunyamaza,
huvujisha siri yake
humo humo damuni.

Saa tisa usiku: mia mbili na kumi.

Nikapiga simu wodini, nikaitaja namba mara mbili.
Nikasikia viatu vikikimbia, kisha kimya.
Mkewe, naambiwa, bado alishikilia kuwa ni nyama.

Chupani ilibaki damu kidogo.
Nikaiweka kwenye jokofu, isije wakaniuliza tena.