Ukoko

Sufuria mpya ya umeme inasema.
Binti yangu Mi-gyeong aliileta
na risiti ameikunja ndogo mfukoni, nisione bei.
Asubuhi inaniita kwa sauti ya msichana wa benki:
wali umeiva, tafadhali uukoroge.
Nafunua. Mweupe, laini, hauna kosa.
Nakwangua chini kwa mwiko.
Hakuna kitu. Chuma kinang'aa
kama uso wa mtu asiyedaiwa.

Mimi Pil-rye, ghorofa ya kumi na nne, mjini Daegu,
miaka sabini na tisa, meno saba ya kwangu, mengine ya bima,
naosha mifuko ya plastiki na kuianika
kwenye kamba moja na soksi.
Raba za kufungia vitunguu nimekivisha kitasa cha mlango.
Mtu akifungua kwa pupa, zote zinadondoka,
ndivyo ninavyojua mjukuu amefika.

Kwetu Uiseong sufuria lilikuwa la chuma cheusi,
limejengewa ndani ya udongo, halikuhama.
Mama akishapima mchele wa jioni
alirudisha kijiko kimoja mtungini.
Kila siku. Hata siku ya vijiko vinne.
"Wa nani huo?"
"Wa Kesho," alisema, kana kwamba Kesho
ni mgeni mwenye jina, yuko njiani na mzigo wake.
Na miezi ile shayiri ingali kijani, mtungi umenyamaza,
tulichemsha majani makavu ya figili
na kuyatafuna polepole, tukiyaheshimu.
Chupi yangu ilishonwa kwa gunia la unga wa msaada:
mikono miwili iliyoshikana, chapa ya buluu,
palepale ninapokalia.

Wali ukipakuliwa, chini hubaki ukoko,
rangi ya asali, unalia kwaru kwaru chini ya mwiko.
Ukoko ulikuwa wa kaka Tae-seop,
kwa sababu ni mwanamume na anasoma.
Alikula ameelekea ukutani.
Nilikuwa nikisikia.
Kilichogandia kabisa, kisichobanduka,
Mama alikimwagia maji, akachochea moto,
na maji hayo ndiyo yangu:
hudhurungi kidogo, yananukia moshi na shibe.
Nilikunywa kile kilichokuwa chakula cha mwingine.
Nimekua kwa harufu, mimi.

Mwaka juzi, hospitalini, Tae-seop hakuweza tena kutafuna.
Nikachukua wali wa jana, nikaubandika kwenye kikaango kikuukuu
hadi king'ora cha moshi kikapiga kelele na jirani akagonga;
nikachemsha, nikachuja, nikapanda basi
na chupa ya chai nimeipakata kama kitoto.
Akanywa. Akafumba macho.
"Kumbe," akasema, "wewe ndiye uliyekuwa ukipewa kitamu."

Miaka sabini.
Nilitamani kumpiga na kile kikombe.
Nikamwongezea.

Sasa nimekutana na ukoko dukani,
rafu ya juu, baina ya biskuti na chakula cha paka,
vipande vimekatwa mraba vyote sawasawa,
picha ya bibi kizee anatabasamu, meno yote ya kwake,
won elfu nane na mia tano.
Nilisimama pale mpaka kijana wa duka akauliza kama naumwa.
Nikanunua. Usiniulize kwa nini,
mtu ambaye hununua samaki saa mbili usiku
vikishabandikwa karatasi nyekundu ya nusu bei.

Nimekionja kwa yale saba.
Wameweka sukari.
Mjukuu amekimaliza chote huku akitazama simu,
hakuelekea ukutani.

Ila mfuko wake mzuri, mgumu, una zipu.
Nimeuosha.